Mgogoro wa Leseni ya Jina la Biashara Hufunguliwa Wapi?

Mfanyabiashara wa Kata ya Masukulu, wilayani Rungwe, anapopokea mkataba wa kuuza bidhaa au kutoa huduma chini ya jina la kampuni kubwa, kwa kawaida husoma kwanza ukurasa wa kamisheni, bei na dhamana. Ukurasa wa mwisho, wenye kifungu kinachotaja mahali pa kutatua migogoro, husomwa na wachache. Hata hivyo, kifungu hicho ndicho kinachoamua iwapo siku ya kutoelewana mfanyabiashara huyo atapanda gari kwenda Tukuyu, makao makuu ya wilaya, au atalazimika kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, na pengine kuvuka mipaka ya nchi.

Mkataba unaozungumziwa hapa ni ule ambao mwenye jina la biashara humruhusu mtu mwingine kulitumia jina hilo, pamoja na alama, utaratibu wa kazi na mara nyingi vifaa, kwa masharti na malipo maalumu. Baadhi ya watu huuita franchaizi. Mfano wake uko karibu kuliko inavyodhaniwa. Soda nyingi za kampuni za kimataifa zinazouzwa Nyanda za Juu Kusini haziletwi kutoka ng'ambo. Hujazwa katika viwanda vilivyopo Mbeya na kampuni zilizopewa leseni ya kutumia majina hayo. Vituo vingi vya mafuta vilivyopakwa rangi za kampuni fulani vinamilikiwa na wafanyabiashara wa kawaida wanaofanya kazi chini ya jina la mwingine. Ngazi ya chini yake kuna msambazaji, na chini ya msambazaji kuna mwenye duka aliyepewa jokofu na bango kwa sharti la kutoweka humo bidhaa za mshindani.

Tanzania haina sheria mahsusi ya mikataba ya aina hii. Jambo hili huwashangaza wanaotarajia kukuta sheria moja yenye sura ya migogoro. Mikataba hiyo inaongozwa kwa pamoja na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo pia ina sehemu inayohusu uwakala. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa kuwa sheria ni nyingi, milango ya kupelekea mgogoro nayo ni mingi, na kubisha mlango usiohusika hupoteza miezi.

Kwingineko duniani hali ni tofauti. Nchini Marekani, jimbo la California lilikuwa la kwanza kutunga sheria ya kusimamia mikataba hii, mwaka 1970, na majimbo mengine yakafuata. Sheria za California zinabatilisha kifungu kinachomlazimisha mwenye duka wa jimbo hilo kwenda kufungua shauri katika mahakama ya jimbo jingine, hata kama alikitia saini. Mantiki yake ni kwamba mkataba huandikwa na upande mmoja, na upande wa pili hupewa kalamu tu. Kinga hiyo nayo ina mpaka. Mwaka 1984, katika shauri la Southland dhidi ya Keating lililohusu wenye maduka ya 7-Eleven, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa sheria ya jimbo haiwezi kuondoa makubaliano ya kupeleka mgogoro kwa msuluhishi, kwa sababu makubaliano hayo yanalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1925. Afrika Kusini imefuata njia nyingine: Sheria yake ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2008 inamhesabu mpewa leseni kuwa anastahili ulinzi, na inampa siku 10 za kazi baada ya kutia saini kuweza kujitoa bila adhabu.

Mwenye duka wa Masukulu hana kinga ya namna hiyo katika sheria zetu. Sheria ya Ushindani inalinda walaji dhidi ya masharti kandamizi, lakini mtu anayenunua bidhaa ili auze tena hahesabiki kuwa mlaji. Kwa hiyo kinachotawala, kwa kiasi kikubwa, ni kile kilichoandikwa katika mkataba.

Kifungu cha mahali pa shauri

Kanuni ya msingi inampa nafuu mdai wa kijijini. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inaelekeza kwamba shauri lifunguliwe katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka ya kulisikiliza, na katika eneo ambalo mdaiwa anaishi au anafanya biashara, au ambako chanzo cha madai kimetokea, chote au sehemu yake. Mzigo ulioagizwa ukafika pungufu Masukulu, au kamisheni iliyopaswa kulipwa kwa kazi iliyofanyika Masukulu, ni chanzo kilichotokea Rungwe hata kama ofisi kuu ya kampuni iko Dar es Salaam. Pasipo makubaliano mengine, mdai hana sababu ya kumfuata mdaiwa mjini.

Tatizo huanza pale mkataba unapotaja mahali pengine. Sheria ya Mikataba hairuhusu makubaliano yanayomfungia mtu kabisa njia ya kwenda mahakamani, ila haikatazi wahusika kuchagua mahakama moja kati ya zile zenye mamlaka. Mahakama ya Rufani imeonesha msimamo wake hata kwa mahakama za nje. Katika Rufaa ya Madai Na. 98 ya mwaka 2016, kati ya Sunshine Furniture na Maersk (China) Shipping, hati ya kusafirishia mizigo ilikuwa imeelekeza migogoro kwenye mahakama ya London, na Mahakama ilishikilia kuwa wahusika wanafungwa na walichokubaliana. Shauri hilo lilihusu mizigo ya baharini. Kanuni iliyotumika, hata hivyo, haiko mbali na mkataba wa leseni: aliyetia saini kifungu cha mahali pa shauri atakuwa na kazi ngumu kukikwepa baadaye.

Ndiyo maana wakati mwafaka wa kujadili kifungu hicho ni kabla ya kutia saini. Kampuni nyingi hutumia mkataba mmoja kwa nchi nzima na hazipendi kuubadili, lakini ombi la kuongeza maneno yanayoruhusu madai ya kiwango kidogo kufunguliwa katika wilaya ya mpewa leseni ni ombi la haki na halimgharimu mwenye jina kitu kikubwa.

Usuluhishi wenye sura mbili

Neno lenye utata kuliko yote katika mikataba hii ni "usuluhishi". Katika matumizi ya kila siku, na hata katika jina la Kituo cha Usuluhishi cha Mahakama Kuu kilichopo Dar es Salaam, neno hilo lina maana ya mazungumzo yanayoongozwa na mtu wa kati asiye na mamlaka ya kuamua. Wahusika wasipokubaliana, wanarudi mahakamani na haki zao zote. Sheria ya Usuluhishi, Sura ya 15, inazungumzia kitu tofauti kabisa. Hapo msuluhishi ni kama hakimu wa binafsi aliyechaguliwa na wahusika. Husikiliza ushahidi, hutoa tuzo, na tuzo hiyo huwafunga wote wawili. Mahakama haiifungui upya ili kuangalia nani alikuwa na hoja bora. Huiangalia kwa sababu chache tu, kama vile msuluhishi kutokuwa na mamlaka au kasoro kubwa katika mwenendo.

Mtu anayesoma "migogoro yote itatatuliwa kwa njia ya usuluhishi" akadhani ameahidiwa kikao cha mapatano, huenda ametia saini kuachana na mahakama katika jambo hilo. Akifungua shauri mahakamani, upande wa pili unaweza kuomba lisimamishwe ili mgogoro uende kwa msuluhishi, na kwa kawaida ombi hilo hukubaliwa.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria Na. 2 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021 na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1931. Kwa upande wa kimataifa, Tanzania ilijiunga mwaka 1964 na Mkataba wa New York unaotambua tuzo za nje, hivyo tuzo iliyotolewa London au Nairobi inaweza kusajiliwa na kutekelezwa hapa nchini. Usuluhishi una faida zake: hufanyika kwa faragha, na wahusika wanaweza kumchagua mtu anayeifahamu biashara yenyewe. Gharama ndiyo kikwazo. Hakimu halipwi na wadaawa, ilhali msuluhishi hulipwa na wao. Kwa mgogoro wa kamisheni ya shilingi milioni mbili, ada ya msuluhishi yaweza kumeza madai yote. Mpewa leseni anayekuta kifungu cha aina hiyo anapaswa kuangalia mambo matatu: kikao kitakaa mji gani, wasuluhishi ni wangapi, na nani anawateua. Kifungu kinachompa mwenye jina peke yake haki ya kuteua ni cha kukataliwa mapema.

Mahakama ipi, kwa kiwango gani

Pale ambapo mkataba haukutaja usuluhishi wala mahakama maalumu, au ambapo hakuna mkataba wa maandishi kabisa, ngazi ya mahakama hutegemea thamani na aina ya madai. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba mbele ya sheria, mradi yathibitike.

Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu zaidi na mwananchi. Kwa marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, mahakama hii inaweza kusikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Neno "deni" hapa lina uzito. Kamisheni iliyokwishahesabiwa na haikulipwa ni deni. Amana iliyotakiwa kurejeshwa ni deni. Lakini mpewa leseni anayedai fidia kwa sababu leseni yake ilikatishwa kabla ya muda, akakosa faida ambayo angeipata katika miaka miwili iliyobaki, hadai deni. Anadai fidia ya uvunjaji wa mkataba chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, na huyo aelekee Mahakama ya Wilaya hata kama kiasi ni kidogo. Mashauri mengi hukwama katika tofauti hii, na mdai hurudishwa mwanzo baada ya kuwa amekwishapoteza muda na nauli.

Mahakama ya Wilaya ya Rungwe iko Tukuyu. Mamlaka yake ya kawaida kwa madai yasiyohusu mali isiyohamishika ni hadi shilingi milioni 200, lakini shauri likiwa la kibiashara ukomo hushuka hadi shilingi milioni 70. Mgogoro wa leseni ya jina la biashara kati ya wafanyabiashara wawili kwa kawaida huangukia katika kundi hilo la pili. Mahakama ya Hakimu Mkazi Mbeya ina ukomo kama huo. Kinachozidi hapo hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Mbeya, takriban kilomita 70 kutoka Tukuyu. Mahakama Kuu pia ina Divisheni ya Biashara iliyoanzishwa mwaka 1999, yenye makao yake Dar es Salaam.

Katika Mahakama ya Mwanzo lugha ni Kiswahili tangu zamani, na Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa ujumla, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa pale haki inapohitaji. Marekebisho ya mwaka huo huo yaliruhusu mawakili kuonekana katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi; awali mdai na mdaiwa walisimama wenyewe. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya, na siku 30 nyingine kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu. Kufika Mahakama ya Rufani kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo kunahitaji Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa.

Katika Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu, shauri la madai hupitia upatanishi kabla ya kusikilizwa, kwa muda usiozidi siku 30. Hatua hiyo wengi huiona kama kupoteza wakati. Kwa wenye mikataba ya leseni ni kinyume chake, kwa sababu mara nyingi pande zote mbili bado zingependa kuendelea kufanya biashara pamoja, na hukumu haina uwezo wa kurudisha mahusiano hayo.

Baraza la Kata nalo hutajwa sana na wananchi kama mahali pa kuanzia. Kwa migogoro midogo kati ya majirani, kikao cha mapatano mbele ya watu wanaoheshimika kinaweza kumaliza jambo. Ila Baraza si mahali pa kudai fidia ya mamilioni kutoka kwa kampuni ya Dar es Salaam.

Jokofu linapofuatwa alfajiri

Mara nyingi anachohofia mpewa leseni si hukumu ya mwaka ujao, ni gari linalokuja kesho kung'oa bango na kuchukua vifaa. Hapo kinachohitajika ni zuio la muda. Mahakama hupima ombi hilo kwa vigezo vitatu vilivyowekwa katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kuwapo kwa hoja ya msingi inayostahili kusikilizwa, hatari ya mwombaji kupata hasara isiyofidika, na ni upande gani utaumia zaidi zuio likitolewa au kunyimwa. Kigezo cha pili ndicho kinachowashinda wengi, kwa kuwa hasara inayohesabika kwa fedha huonekana kuwa inafidika. Mwombaji anayeweza kuonesha kwamba duka lake lote, wateja wake na mkopo wake vinategemea leseni hiyo ana hoja nzito kuliko anayelalamikia bango peke yake.

Kuwapo kwa kifungu cha usuluhishi hakumzuii mtu kuomba hatua za dharura mahakamani wakati msuluhishi bado hajateuliwa.

Pale mgogoro unapokuwa wa ushindani au wa alama

Sharti la kutouza bidhaa za mshindani si suala la wahusika wawili tu. Likitumiwa na kampuni yenye nguvu kubwa sokoni linaweza kugusa Sheria ya Ushindani, na hapo mlango ni Tume ya Ushindani (FCC). Mfano unaojulikana ni malalamiko ya mwaka 2009 ya Serengeti Breweries dhidi ya Tanzania Breweries, yaliyohusu mikataba na wenye baa kuhusu mabango na utambulisho wa maeneo yao ya biashara. Shauri lilisikilizwa na Tume, na uamuzi wake ukakatiwa rufaa katika Baraza la Ushindani (FCT), chombo ambacho pia husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya mamlaka za udhibiti kama EWURA na TCRA. Mwenye kituo cha mafuta au wakala wa huduma za simu, kwa hiyo, anaweza kuwa na lango la ziada kupitia mdhibiti wa sekta yake, kwa mambo yanayohusu leseni na viwango. Madai ya fedha za mkataba hubaki kuwa ya mahakama.

Alama ya biashara ina njia yake. Usajili wa alama Tanzania Bara hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na sheria inautambua mkataba wa leseni ya kutumia alama. Pingamizi la usajili husikilizwa na Msajili, na uvunjaji wa haki za alama hupelekwa Mahakama Kuu. Kabla ya kulipa ada ya kutumia jina, ni busara kuthibitisha BRELA kwamba anayelikodisha ndiye mwenye nalo. Usajili wa Bara hauvuki bahari: Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008 na mamlaka yake ya usajili.

Wakulima wa Rungwe wanaouza mazao kupitia vyama vya ushirika wasichanganye mambo haya. Mgogoro wa mwanachama na chama chake cha AMCOS kuhusu shughuli za chama unaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013: huanza kwa maridhiano, kisha Mrajis, na rufaa kwa Waziri. Vilevile anayegombana na Halmashauri kuhusu kibanda cha soko anatakiwa kutoa notisi ya siku 90 na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu.

Vielelezo na muda

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu na kumbukumbu za malipo kupokelewa kama ushahidi, hivyo mazungumzo ya kuagiza mzigo yasifutwe. Mkataba wa maandishi unaostahili ushuru wa stempu na haukulipiwa hautapokelewa mahakamani hadi ushuru huo ulipwe pamoja na adhabu yake. Ni rahisi zaidi kuulipia siku ya kutia saini. Nakala yenye saini za pande zote mbili ibaki mikononi mwa mpewa leseni, si kwa afisa mauzo.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo inawatambua pia wasaidizi wa kisheria katika jamii.

Madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ukihesabiwa tangu siku haki ya kudai ilipozaliwa. Mazungumzo na kampuni, hata yakiendelea kwa miaka, kwa kawaida hayasimamishi hesabu hiyo. Kukiri deni kwa maandishi yenye saini ya mdaiwa, kabla muda haujaisha, huianzisha upya.